Akiba ya Kukataa: Shajara ya Msimu wa Viazisukari

Ijumaa, Septemba 27, 2019. Drayton, North Dakota

Tumefika jua likiwa bado juu. Mzee, mume wangu, ameingiza trela kinyumenyume kwenye nafasi yetu kambini, tumechomeka umeme, tumeunga hosi ya maji, tumeshusha miguu na kusawazisha sakafu kwa pima maji. Futi 24 ndizo nyumba yetu sasa: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi la plati mbili, choo na bafu dogo. Tangu tuuze nyumba ya Minneapolis sikuwa nimeandika popote kwamba naipenda trela hii. Leo naandika. Naipenda kwa sababu haina deni, na nikifunga mlango wake jioni niko kwangu, popote tulipoegesha.

Nchi ya huku ni tambarare tupu. Mto Red River uko mashariki yetu tu, nao unatiririka kwenda kaskazini, Kanada. Udongo mweusi tunaoukanyaga uliachwa na ziwa kubwa la kale, Agassiz, lililojaa maji ya barafu iliyoyeyuka. Ukiganda kwenye kiatu hautoki mpaka uukwangue kwa kisu.

Magari ya kambini yana namba za Texas, Florida, Arizona, na nyingi mno za South Dakota. Jimbo hilo humwandikisha msafiri kuwa mkazi wake akilala huko usiku mmoja na kuwa na anwani ya posta, ndiyo maana watu wa trela wanalipenda. Karibu kila tuliyesalimiana naye ana mvi.

Mwanetu wa kwanza amepiga simu.

“Mama, shikamoo. Watu wananiuliza mko wapi. Niwajibu nini?”

“Marahaba. Wajibu kwamba wazazi wako wapo kazini.”

“Lakini baba ana miaka 67, mama.”

Najua umri wa mume wangu. Najua pia kwamba kwetu mwanamume wa umri huo hukaa barazani akaletewa maji ya kunawa, na wajukuu wakamzunguka. Lakini mwanetu ana nyumba anayoilipia na watoto watatu wa kuwasomesha. Mzee husema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anapolisema hilo hana hasira na mtu. Ndivyo alivyoishi tangu tulipokuja Marekani, yeye akiendesha mabasi ya jiji, mimi nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Jumapili, Septemba 29

Leo ilikuwa semina ya usalama kabla ya kazi ya viazisukari. Tumepewa kofia ngumu, miwani na vizibao vya kung'aa. Nimekaa mbele ili nielewe kazi yenyewe, maana sipendi kufanya nisichokielewa.

Viwanda vitano vya sukari katika bonde hili, kikiwemo cha hapa Drayton, ni vya American Crystal Sugar, na kampuni hiyo ni mali ya wakulima wenyewe. Waliinunua mwaka 1973. Mzee alifurahi kusikia hivyo. Baba yake aliuza kahawa kupitia chama cha ushirika cha KNCU kule Moshi, na hadi leo Mzee akisikia neno ushirika hukaa wima kwenye kiti. Utotoni mwake alijua kwamba sukari ni miwa ya shamba la TPC, Arusha Chini. Hapa sukari inatoka kwenye mzizi mweupe mnene unaochimbwa ardhini, na zaidi ya nusu ya sukari inayozalishwa Marekani ni ya mzizi huu.

Kumbe haraka yote ni suala la joto. Kiazisukari kikichimbwa hakifi papo hapo. Kinaendelea kupumua na kula sukari yake. Kikirundikwa kikiwa na joto kinaoza, na uozo unasambaa kwenye rundo zima. Kikipigwa na baridi kali kabla ya kuvunwa, kisha kikayeyuka, hakiwekeki tena. Kwa hiyo wakulima husubiri Oktoba, hali ya hewa ikishapoa bila kuganda, kisha huvuna usiku na mchana kwa takriban wiki mbili. Baada ya hapo baridi ya North Dakota yenyewe hugeuka ghala: marundo huachwa nje yagande, na kiwanda huendelea kusaga hadi karibu Mei.

Wiki mbili za watu wengi, halafu basi. Mji wenye watu wasiofika elfu moja hauwezi kuwatoa watu hao. Ndipo tunapoingia sisi.

Jumatatu, Oktoba 7

Kazi imeanza kwa kusuasua kwa sababu ya mvua. Ardhi ilishiba maji tangu Septemba. Lori likiingia shambani linahitaji trekta kulitoa.

Zamu yetu ni saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Lori hupimwa likiwa limejaa, dereva hupewa tiketi, kisha huja kwenye mashine yetu na kumwaga mzigo. Mikanda huupandisha, magurudumu yanayozunguka hukung'uta udongo, na mkono mrefu wa mashine huvimwaga viazisukari juu ya rundo ambalo sasa linapita kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Udongo uliokung'utwa hurudishwa kwenye lori lilelile, likapimwe tena, mkulima asije akauza matope.

Mimi nachukua sampuli. Nikipewa ishara, naweka mfuko chini ya mlango mdogo wa mashine, nabonyeza kitufe, vinaanguka viazi kadhaa kwa kishindo, natia tiketi ya mkulima, nafunga. Mfuko huo unakwenda maabara kupimwa udongo na sukari. Mkulima hulipwa kwa sukari iliyomo, kwa hiyo tiketi ikiingia mfuko usiokuwa wake, jasho la mtu mmoja linalipwa kwa mwingine. Naliwazia hilo kila ninapofunga mfuko.

Ninafanya kazi pamoja na mjane wa miaka 72 anayeishi peke yake kwenye gari dogo la mizigo alilotengenezea kitanda. Ana nguvu na hana maneno mengi. Kuanzia magharibi huniletea tiketi zake nimsomee namba. Taa za mashine, anasema, zinamtawanyikia machoni kama miali. Nimewahudumia wazee miaka mingi. Nilipomtazama machoni chini ya taa niliona ukungu kwenye mboni zote mbili. Mtoto wa jicho. Nilimuuliza ana bima gani. Ana Medicare, ile bima ya serikali kwa wazee. “Kwa nini basi hujafanyiwa operesheni?” Akasema kila alipopanga tarehe, kazi ya msimu mwingine ilikuwa inaanza, na kazi haisubiri jicho.

Ijumaa, Oktoba 11

Dhoruba. Mvua imegeuka theluji, na upepo unaitikisa trela tangu jana. Kazi imesimama. Mzee ameuzungushia mfereji wa maji blanketi na waya wa joto, ameangalia mitungi ya gesi, kisha amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu tufike. Goti lake limevimba. Nimelikanda kwa maji ya moto bila yeye kuomba.

Mjane nimemwita aje ndani, maana kwenye lile gari hawezi kuwasha joto usiku kucha. Nimepika wali na maharage ya nazi ya kopo. Amekula sahani mbili. Amenipa kitabu nisome, *Nomadland* cha Jessica Bruder, kilichotoka 2017. Kinahusu wazee wanaozunguka na magari wakitafuta kazi za misimu, na mwandishi mwenyewe alifanya kazi ya viazisukari huku North Dakota. Nimesoma mpaka macho yakachoka. Watu waliomo nawaona dirishani.

Nimeona pia jambo ambalo nataka nilishike vizuri. Kambini hapa wapo waliokuja kwa hiari: wana pensheni, wana trela kubwa, wanataka kuona nchi na kupata cha ziada. Wapo waliokuja kwa sababu hawakuwa na pengine. Wote wamevaa kofia za rangi moja, wanapiga koleo udongo uleule, wanalipwa kwa saa vilevile. Ukiwatazama hutawatofautisha. Tofauti yao inaonekana siku mtu anapoumia, au anapopewa kazi asiyoiweza. Mmoja atasema hapana. Mwingine atasema ndiyo, kisha ageuze uso.

Jumapili, Oktoba 13

Tumekwenda Grand Forks kununua unga na viungo kwenye duka la Waafrika. Kijana aliyekuwa akipanga magunia ya mchele alitusikia tukizungumza.

“Jambo mama, jambo papa! Munatoka wapi?”

“Tanzania. Na wewe, baba?”

“Mie ni Mkongo, lakini nilikomalia Nyarugusu.”

Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na Kigoma ndiko alikozaliwa baba yangu. Nilimshika kijana yule mkono, nikashindwa kuuachia. Alituuliza tunafanya nini kaskazini huku kwenye baridi. Mzee akamweleza kuhusu viazisukari. Kijana akainama kidogo, akasema kwa heshima, “Papa, hii kazi ingekuwa yetu sisi vijana.” Mzee akamjibu kwamba kazi haina umri, mwili ndio una umri. Tulipotoka alitubebea gunia hadi kwenye pikapu, akakataa kupokea hata senti.

Jumamosi, Oktoba 19

Tumerudi kazini kwenye matope. Kila baada ya malori machache tunaingia chini ya mashine na makoleo. Leo bega langu halinyanyuki kupita sikio.

Nimemkumbuka baba siku nzima. Miaka ya hamsini mawakala wa mashamba ya mkonge walimchukua Kigoma, akasafirishwa na wenzake, akashushwa Korogwe kuwa manamba. Aliishi kwenye kambi ya vyumba vilivyopangwa mstari, akapewa kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza kiwango chake cha majani haikutiwa alama, na mwezi ukarefuka. Alituambia mara nyingi kwamba mkonge wenyewe haukumshinda. Kilichomuumiza ni kuona kwamba mnyapara anajua huna nauli ya kurudi kwenu. Mtu akishajua hilo juu yako, alisema, halazimiki kukupigia kelele.

Na hata katika bonde hili, kabla ya mashine na dawa za magugu, viazisukari vilipaliliwa na kupunguzwa kwa mkono na familia za Wameksiko waliokuja kila mwaka kutoka Texas, wazee na watoto. Misimu ya chakula daima imebebwa na watu waliotoka mbali. Sioni aibu kuwa mmoja wao. Sukari ni kazi ya halali, na ninapolala naisikia kazi yangu mwilini kama kitu kilichofanyika kweli.

Lakini nimepata jibu la swali la mwanetu. Hakuuliza kama kazi hii ni chafu. Aliuliza kama tumelazimika. Baba yangu hakuwa na njia ya kukataa. Mimi ninayo, lakini nyembamba, na nisipoitunza itafungika bila mimi kuona.

Jumapili, Oktoba 27

Mkataba wetu umefikia mwisho. Mashamba mengi bado yana viazisukari ardhini, na wakulima wanasema vingine havitatoka kabisa mwaka huu. Mmoja alisimama kwenye mizani akitazama lori lake likiondoka, nikataka kumwambia pole, nikaona neno ni dogo. Nikamwambia hata hivyo. Alivua kofia.

Jioni Mzee na mimi tumekaa mezani na karatasi. Tangazo lililotuleta lilisema mtu anaweza kupata hadi dola 2,500 kwa wiki mbili. Msimu wa mvua haukufikisha huko, lakini tumepata fedha nzuri kwa sababu ya saa za ziada. Ili nisisahau mwakani, naandika hesabu ya upande wangu. Nilianza kuchukua mafao ya uzeeni ya Social Security nikiwa na miaka 62, kwa hiyo hundi yangu ilipungua kwa zaidi ya robo, na itabaki hivyo maisha yangu yote. Kwa kuwa sijafikia umri kamili wa kustaafu, mwaka huu nikipata mshahara unaozidi dola 17,640, kwa kila dola mbili za ziada dola moja inazuiwa kwenye mafao. Medicare yangu haitaanza mpaka nitimize 65, na mpaka wakati huo bima nainunua mwenyewe. Mzee yeye amevuka vizuizi hivyo.

Tumegawa fedha mafungu matatu. La kwanza ni safari: mafuta, gesi, matairi. La pili ni bima na dawa. La tatu Mzee aliuliza linaitwaje. Nikamwambia ni akiba ya kukataa. Fungu hili haliguswi kwa sherehe wala kwa tairi. Kazi yake ni moja: siku tutakapopigiwa simu na kupewa kazi isiyotufaa, litatuwezesha kusema hapana, na kula mwezi huo na unaofuata.

Akafikiri. “Basi lianze kutumika leo,” akasema.

Wiki mbili zilizopita alikuwa amepigiwa simu na ghala kubwa linalochukua watu wa trela kupanga mizigo mpaka Krismasi. Mshahara mzuri, nafasi ya trela bure. Kazi yenyewe ni kusimama na kutembea juu ya saruji saa kumi kwa zamu. Goti bado lina joto ukiligusa. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilitaka aamue mwenyewe. Ameamua. Amepiga simu mbele yangu, akashukuru kwa adabu, akakataa.

Jumapili, Januari 19, 2020. Quartzsite, Arizona

Tumekimbilia kusini kukwepa baridi. Jangwa limejaa trela kila upande. Kwa dola 180 tumepata kibali cha ardhi ya serikali kuu ya La Posa, kinachotumika kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Hakuna umeme wa kuchomeka. Tunaishi kwa paneli ya sola, na maji tunayachota kwenye bomba la pamoja. Goti limepona kiasi kwamba Mzee anatembea asubuhi hadi mjini.

Juzi alinipeleka kuona kaburi la piramidi lenye ngamia juu yake. Amelala pale Hadji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly. Alifika 1856 na ngamia walioletwa na jeshi la Marekani kubeba mizigo jangwani. Mpango wa ngamia ukafa, yeye akabaki, akafanya kazi moja baada ya nyingine mpaka alipofariki 1902. Mnara wa kaburi ulijengwa 1935. Tumemsomea Fatiha. Mgeni aliyeitwa kwa kazi moja, kazi ikaisha, nchi ikawa yake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko Mzee.

Mjane wetu amefika. Ameegesha karibu nasi. Sasa haendeshi usiku kabisa. Amepewa kazi ya kambi ya watalii kuanzia Machi, na ameshaikubali. Nilimuuliza kuhusu macho. Medicare italipa asilimia 80 ya operesheni, lakini iliyobaki ni yake, na kwa wiki hizo hatakuwa na mshahara. Nikarudi kwangu nikiwa na uchungu. Nina akiba ya kukataa, na jirani yangu hana. Basi nimejifungia tu mlango.

Jumapili, Februari 2

Usiku nimepata la kufanya. Ni jambo ambalo mama yangu alilifanya Korogwe na wanawake wa kambi, nami nimelifanya Minneapolis na Watanzania wenzangu: upatu. Nimewaita wanawake tunaokunywa kahawa pamoja, nikawaeleza. Kila mmoja atatoa dola 150 kila mwezi, fungu zima atachukua mmoja, mwezi unaofuata mwingine, mpaka wote wapate. Hakuna riba, hakuna benki.

Mmoja aliuliza swali la haki: sisi ni watu wa magurudumu, nani atahakikisha kwamba aliyechukua mapema hatopotea barabarani? Nikamjibu kwamba hata kijijini mtu anaweza kukimbia. Upatu husimama juu ya jina la mtu. Tutatumiana fedha kwa simu popote tutakapokuwa, na majina yetu yatakaa kwenye daftari hili. Walifikiri, wakazunguka wakizungumza, wakarudi. Tumekuwa wanane.

Tukaja kwenye zamu. Nilipendekeza tusipige kura ya kwanza, tumpe mwenye haja kubwa. Hakuna aliyepinga. Mjane alisema hawezi kupokea sadaka. Nikamwambia si sadaka; atalipa kila mwezi kama sisi, senti kwa senti, na mimi nitachukua wa mwisho. Akaniuliza mara mbili kama nasema kweli.

Jumapili, Februari 23

Jicho la kulia limefanyiwa operesheni. La kushoto ni wiki ijayo. Nilimpeleka mimi, nikamtia matone kama nilivyozoea kazini, nikamzuia asiiname.

Leo asubuhi amempigia mwajiri wa kambi. Nilikuwa karibu nikiosha vyombo. Alisema hataweza kuanza Machi, kwamba kama wanamhitaji ataanza Mei, na kama hawawezi kusubiri anawashukuru. Sauti yake haikutetemeka. Wamekubali Mei.

Mzee na mimi nasi tumejibu barua ya kazi ya majira ya joto, ya kuwapokea wageni kwenye kambi ya msituni. Tumeandika saa tunazoziweza kwa wiki, tumeandika kwamba Mzee hatanyanyua mizigo mizito, na kwamba siku mbili za mapumziko ziwe mfululizo. Miaka ya nyuma tungesaini kwanza, tukanyamaza. Wakikataa masharti haya, tunacho cha kula hadi Oktoba.

Na mwanetu amepiga simu tena. Nimemweleza habari ya upatu tangu mwanzo. Amesikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama bado kuna nafasi. Nimemwambia mzunguko huu umejaa, lakini jina lake nimeliandika la kwanza kwa mzunguko ujao.